Kaseti za Kaka Yangu wa Hananasifu

Jumapili moja ya mwaka 2023 binti yangu mkubwa alikuja nyumbani Tandika pamoja na mumewe kunisaidia kupanga upya chumba cha uani. Mjukuu wangu alikuwa amepata nafasi katika shule iliyo jirani nasi, na alihitaji mahali pa kulala. Ndani ya chumba hicho kulikuwa na kabati la mninga, na ndani ya kabati kulikuwa na kaseti 83 zilizopangwa kwa namba, pamoja na daftari moja kubwa la jalada gumu ambalo wino wake umeanza kuwa wa kahawia.

"Baba," akasema binti yangu, "hizi za nini tena? Redio yenyewe ya kuzipigia huna. Kila wimbo uliomo humu siku hizi upo kwenye simu."

Kuhusu kabati sikubishana naye, kwa kuwa mtoto lazima alale. Nilibishana naye juu ya hayo maneno mawili, "kila wimbo". Mwisho tukakubaliana hivi: nitachagua nyimbo 20 kutoka kwenye daftari, bila upendeleo, naye atazitafuta. Yeye analipia huduma mbili za kusikiliza muziki kwa intaneti, na ya tatu anaitumia bure kwa kuvumilia matangazo. Akizipata zote 20, kabati na kaseti zake vitoke. Mkwe wangu alikubali kuwa mwamuzi, ingawa alionekana kuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira.

Haya ninayoyaandika yametokana na ubishi huo. Ni habari za muziki wa dansi wa mji huu, jinsi ulivyohifadhiwa na nani aliuhifadhi, na kwa nini simu ya binti yangu ilijua baadhi ya mambo na mengine haikuyajua.

Daftari si langu, na kaseti nazo si zangu, ingawa nimekaa nazo zaidi ya miaka 15. Ni za marehemu kaka yangu. Alifanya kazi katika kiwanda cha nguo cha Urafiki, kile kilichojengwa pale Ubungo kwa msaada wa Wachina na kuanza kazi mwaka 1968, na aliishi Hananasifu, Kinondoni, katika nyumba iliyotazama bonde la Msimbazi. Watu wa umri wangu watakumbuka kwamba kiwanda hicho kilikuwa na bendi yake, Urafiki Jazz, iliyoongozwa na Juma Mrisho, ambaye wengi walimfahamu kwa jina la Ngulimba wa Ngulimba. Kaka hakuwa mpigaji. Alikuwa msikilizaji, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii kuliko wapigaji wengine walivyofanya yao. Kila kaseti aliipa namba, upande A na upande B, na katika daftari aliandika jina la wimbo, bendi, mwimbaji anayeongoza, tarehe ya kurekodi, na mwisho wa mstari herufi moja: S au R. S ilikuwa santuri, yaani wimbo aliunakili kutoka kwenye sahani ya mtu. R ilikuwa redio.

Nilipochagua nyimbo 20, zilitokea kuwa 8 za S na 12 za R. Sikuwa nimepanga hivyo. Binti yangu alitafuta kwa karibu saa mbili, mkwe akiandika matokeo nyuma ya kadi ya harusi. Katika zile 8 za santuri alipata 7. Katika zile 12 za redio alipata 3 tu kwenye huduma anazolipia. Nyingine 4 alizikuta YouTube, zimewekwa na watu binafsi kutoka kwenye kaseti zao, tena moja ikiwa na sauti ya mtangazaji akitaja saa. Na 5 hakuziona popote. Akaketi kimya kidogo, kisha akasema huenda majina yameandikwa vibaya. Akajaribu tena. Hazikuwapo.

Mtu anaweza kudhani kwamba hizo 5 ni nyimbo hafifu zilizosahauliwa kwa haki. La hasha. Sababu ni ya kihistoria, na herufi mbili za kaka zinaieleza.

Tuanze na S. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Bendi ya Dar es Salaam, Morogoro au Tabora iliyotaka sauti yake iingie kwenye sahani na kuuzwa madukani ilipanda basi kwenda Nairobi, ambako kulikuwa na studio, mitambo ya kufyatulia na makampuni yenye mawakala. Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz kabla ya kuanzisha Super Volcano, alirekodi huko nyimbo nyingi, na mauti yalimfika huko huko Kenya kwa ajali ya gari Januari 1979. Kampuni ya santuri, hata ikimlipa mwanamuziki kiduchu, huweka karatasi: namba ya sahani, jina la mtunzi, mkataba, mkanda wa asili ndani ya boksi. Kampuni hufa au huuzwa, lakini karatasi hurithiwa. Ilipofika zama za kompyuta palikuwapo mtu wa kusema "hii ni mali yangu" na kuipeleka nyimbo sokoni. Ndiyo maana 7 kati ya 8 zilipatikana.

R ni habari nyingine kabisa. Utangazaji ulianza mjini hapa mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na baada ya kupita katika mikono kadhaa ukawa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, chombo cha serikali na, kwa takriban miaka 30, stesheni pekee ya Tanzania Bara. Bendi zilikwenda studio za RTD Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Mashairi yalisomwa kwanza ili kuona kama yanafaa kwa taifa, halafu bendi nzima ikapiga kwa pamoja, na wimbo ukaingia kwenye mkanda mpana kwa urefu wake wote, dakika 8 au 10, kama ulivyopigwa ukumbini. Malipo yalikuwa madogo. Mkanda ulibaki maktaba ya redio, wimbo ukarushwa hewani, na mwanamuziki akarudi kazini kwake.

Nasema kazini kwake kwa sababu wengi walikuwa waajiriwa wa mashirika. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Bima Lee ya Shirika la Bima, Polisi Jazz ya Polisi, Kimbunga Stereo ya JKT, Urafiki ya kiwanda. Magitaa yalikuwa ya shirika, basi la kuzungukia mikoani la shirika, mshahara wa shirika. Wimbo ulikuwa wa nani? Wakati ule hakuna aliyeuliza swali hilo kwa sauti kubwa, kwa kuwa wimbo haukuwa bidhaa. Bidhaa ilikuwa kiingilio mlangoni na bia ndani.

Halafu ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Sasa hebu msomaji atazame tarehe hizo kwa makini. Mlimani Park, bendi ambayo kwangu mimi ndiyo iliyoufikisha muziki wa dansi kileleni, ilizaliwa mwaka 1978. Miaka hiyo NUTA ikageuka kuwa JUWATA. Orchestra Maquis du Zaire walikuwa wakijaza watu Ubungo. Yaani dansi ilipokuwa na nguvu kuliko wakati wowote, ndipo njia ya Nairobi ilipoziba. Zipo nyimbo zilizopenya, na baada ya 1983 nyingine zilitolewa kwa santuri huko, lakini sehemu kubwa ya kazi za miaka ile ilikaa mahali pawili tu: kwenye rafu za RTD, na kwenye kaseti za watu kama kaka yangu waliokaa kando ya redio wakisubiri kwa kidole.

Kazi ya kusubiri kwa kidole haikuwa ndogo. Mwanzoni kaka hakuwa na redio kaseti ya kisasa. Aliazima kirekoda kidogo cha mwalimu mmoja wa jirani, akakiweka juu ya stuli mbele ya spika ya redio, akatoa amri nyumba nzima inyamaze. Kuku hawakuitii. Baadaye alipata redio kaseti yake, na hapo adui akawa mtangazaji, maana wengine walipenda kuzungumza juu ya mwanzo wa wimbo, na wengine walikata chemko likiwa ndiyo kwanza linakolea ili kuingia taarifa ya habari. Betri za National zilizotengenezwa papa hapa Barabara ya Pugu zilianikwa juani zipate uhai wa siku mbili tatu. Kaseti tupu ilikuwa adimu, hasa katika ile miaka ya dhiki baada ya vita vya Uganda, kwa hiyo kila wimbo mpya ulimlazimu kuamua upi wa zamani ufutwe. Katika daftari kuna mistari iliyokatwa kwa rula, taratibu, na pembeni tarehe ya kufutwa. Nimehesabu mistari 37 ya namna hiyo. Ninapoipitia naona alijuta karibu yote.

Baadhi ya nyimbo zilizofutwa zilikuwa za Urafiki Jazz, bendi ya kiwanda chake mwenyewe. Nilipomuuliza sababu alisema, "Hao nilikuwa nawasikia kila wiki, nikadhani watakuwapo siku zote."

Mimi nilihamia Tandika, kaka akabaki Hananasifu. Katika miaka ya 2000 nilianza kuziazima kaseti zake mafungu mafungu, kumi, ishirini, kwa nia ya kuzinakili. Zilikuwa 200 na kitu. Nilichukua fungu, nikalinakili nusu, nikachukua jingine kabla ya kurudisha la kwanza. Kila tulipokutana msibani au harusini alinikumbusha deni langu mbele za watu, na mimi kila mara nilimwahidi mwisho wa mwezi.

Tarehe 20 Desemba 2011 ilianza mvua ambayo watu wa mji huu hawataisahau, kubwa kuliko zote tangu Uhuru. Msimbazi ulipanda, ukaingia Jangwani, Kigogo, Magomeni na Hananasifu. Watu zaidi ya 40 walikufa, na maelfu walibaki bila makazi. Baadaye wengi walipewa viwanja Mabwepande. Kaka na familia yake walitoka salama kwa kupanda juu ya paa la jirani. Nilipofika siku ya tatu nilimkuta ametandika mkeka juani, kaseti zimepangwa juu yake kwa namba, matope yakitoka kwenye vitundu. Alikuwa akizungusha mkanda wa moja kwa kalamu ya Bic, polepole, na mkanda ukawa unakatika. Hakuna hata moja iliyopona. Daftari lilikuwa juu ya kabati la nguo, likapona.

Zilizopona kwa jumla ni zile 83 nilizokuwa nazo mimi. Deni langu ndilo lililookoa kilichobaki. Nilitaka kumrudishia siku ile ile, lakini alikataa; alinipa na daftari pia, akasema Tandika hakuna mto. Alifariki mwaka 2014, miezi michache baada ya Muhiddin Maalim Gurumo, mwimbaji aliyempenda kuliko wote. Tangu siku ile ya mkeka hakunidai tena, na mpaka leo kunyamaza kwake kunaniuma kuliko yale maneno ya harusini.

Nirudi kwenye simu. Nisingependa kuonekana mzee anayedharau vitu vipya, kwa sababu yamenipata mema mengi. Mtu wa Dar es Salaam leo ana njia kadhaa mbele yake. Boomplay, iliyoanzia Nigeria mwaka 2015, iliingia mifukoni mwetu ikiwa tayari ndani ya simu za TECNO, na ndiyo maana vijana wengi wa Temeke waliijua kabla ya nyingine. Apple Music ilifunguliwa kwa Tanzania mwaka 2020, Spotify Februari 2021. YouTube ipo kwa kila mwenye bando. Kupitia huduma hizo nimesikia tena nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba, za mtu aliyekufa mwaka 1965, kwa sauti safi kuliko nilivyozisikia nikiwa kijana. Mfululizo wa Zanzibara uliotolewa Ufaransa, ambao toleo lake la tatu la mwaka 2007 lilikusanya muziki wa Bara wa miaka ya 1960, ungenigharimu nauli ya ndege kuupata. Sasa unapatikana nikiwa kwenye daladala ya Tandika.

Lakini ukilinganisha huduma hizo kwa ajili ya muziki wetu wa zamani, tofauti ambazo magazeti huzitaja, za bei na wingi wa nyimbo, si za msingi. Huduma moja kujivunia mamilioni ya nyimbo kuliko nyingine hakunisaidii nikitafuta wimbo wa JUWATA wa mwaka 1981 ambao hakuna aliyewahi kuupeleka kwa yeyote kati yao. Cha kupima ni mambo madogo. La kwanza ni jina. NUTA, JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma ni bendi ile ile moja iliyobadili jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadili. Mashine haijui hilo, huzitenga kama watu wanne wasiojuana, au huzitupa zote chini ya Msondo hata wimbo wa mwaka 1970. Mwimbaji naye huwachanganya. Hassan Rehani Bitchuka aliimba JUWATA, akaenda Mlimani, mwaka 1985 akachukuliwa na wenzake, Gurumo akiwemo, kwenda Safari Sound, kisha akarudi kundini. Sauti yake ni moja, bendi ni tatu. Anayeweka wimbo kwa kukisia sauti hukosea, na kosa lake husambaa kwa sababu huduma zote hupokea orodha kutoka kwa wasambazaji wale wale.

La pili ni la kuchekesha kidogo. Santuri ndogo ilichukua dakika tatu au nne kwa upande, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa: sehemu ya kwanza upande wa A, yenye maneno, sehemu ya pili upande wa B, yenye chemko. Simu huhesabu kuwa ni nyimbo mbili. Ukiiacha ichague yenyewe itakupa chemko asubuhi na hadithi yake jioni. Katika maktaba yangu nimeunganisha sehemu hizo, lakini ndani ya huduma za kulipia huwezi kuunganisha chochote, kwa sababu chochote si chako.

Na hilo ndilo la tatu. Ukibonyeza kupakua ndani ya huduma hizi, wimbo hukaa kwenye simu ukiwa umefungwa. Siku malipo yakiisha na ufunguo umekwisha. Zaidi ya hayo, wimbo unaweza kuondoka wenyewe. Katika orodha aliyonitengenezea binti yangu wiki ile, nyimbo mbili zilipauka rangi baada ya miezi minne, hazibonyezeki. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Huenda mkataba wa mtu fulani ulikwisha, huenda aliyeziweka hakuwa mwenyewe. Kaka alipofuta wimbo aliandika tarehe.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi, maana ni jambo linalojulikana. Katika huduma nyingi za kulipia, fedha za wasikilizaji huwekwa chungu kimoja na kugawanywa kwa kadiri ya nyimbo zilivyosikilizwa. Anayesikiliza Mlimani mchana kutwa, sehemu kubwa ya ada yake huenda kwa wengine. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi kitu kwa wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. Kwa kijana wa Tandale aliyepata jina, 1,000 ni kazi ya dakika chache. Kwa wimbo wa bendi ya shirika lililokwisha kufa, ni mlima. Tena hata ukilipa, unalipwa nani? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na COSOTA vilikuja wakati magitaa yamekwisha uzwa na wapigaji wengi wamelala Kisutu na Chang'ombe.

Mkanda wa asili upo, Mungu awalinde wanaoutunza, katika maktaba ambayo sasa ni ya TBC. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 walijitokeza vijana wa Tanzania Heritage Project waliotaka mikanda hiyo iingizwe kwenye kompyuta, na filamu yao ya Wahenga, ya mwaka 2018, inamfuata John Kitime akijaribu kuwarudisha wakongwe jukwaani. Niliipenda sana, nikatoka nikiwa na hasira pia. Mali ya umma ya thamani ile haikustahili kusubiri wahisani.

Wakati wakubwa wakisubiri, watu wa kawaida wamekuwa wakifanya ufundi wao. Kila zama imekuwa na kibanda chake. Miaka ya 1990 zilikuwa kaseti za Kariakoo, baadaye tukachomewa CD, kisha kikaja kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi. Kadi ya gigabaiti 8 hubeba takriban dakika 8,000 za muziki wa kawaida, sawa na kaseti karibu 90 za dakika tisini, na kijana huijaza wakati unakunywa soda. Singeli yenyewe, iliyopikwa Manzese, Tandale na Mbagala, ilitembea miaka mingi kwa njia hiyo, kutoka simu hadi simu na bajaji hadi bajaji, kabla wakubwa hawajaijua. Mwaka 2017 kampuni moja ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikawatoa vijana wa studio ya Sisso ya Mburahati. Ninaposikia singeli kichwa huniuma, sifichi. Ila nawauliza vijana hao kila nikipata nafasi: nani ana daftari?

Basi, baada ya ubishi ule nilikwenda Temeke Mwisho kwa kijana mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, aliyekuwa bado na deki ya kaseti ya baba yake. Aliniamkia, nikaitikia, nikamweleza. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, hii haina njia ya mkato. Kaseti ya saa moja itaimba saa moja." Kaseti 83, nyingi za dakika sitini, ni zaidi ya saa 80. Tukapatana nilete tano kila Jumamosi.

Tulitofautiana kwa mambo mawili. Yeye alitaka kuzibana ziwe nyepesi, gigabaiti 5 kwa jumla. Mimi nilitaka sauti isiyobanwa, ambayo ni megabaiti 10 kwa dakika, kiasi cha gigabaiti 50 kwa zote. Hapo nilishinda, kwa kuwa diski ni yangu. Zipo mbili sasa, moja Tandika, nyingine kwa binti yangu Mwananyamala, mtaa wa juu. Majina ya mafaili yanafuata daftari: namba ya kaseti, upande, nafasi, wimbo, bendi kama ilivyoitwa siku ile. Daftari lenyewe nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na mistari iliyokatwa.

La pili lilikuwa kelele. Programu yake huondoa mivumo na huweza kukata watangazaji. Nikamwambia aache kila kitu, salamu za Ugua Pole, saa, kuku, vyote. Alidhani nimechanganyikiwa kidogo, hata akanipigia simu Jumatano kuhusu kaseti namba 41 upande wa B, kwamba katikati ya wimbo wa Klabu Raha Leo Show kuna mtu anagomba, na baada ya hapo sauti inapotea nusu sekunde. Je, hata hiyo aiache?

Nilikwenda kuisikiliza pale pale kibandani. Sauti ilikuwa ya kaka. Anasema, "Wewe mtoto, usiguse hapo!" kisha kitufe kinabonyezwa, kimya, wimbo unarudi. Tarehe katika daftari ni Agosti 1986. Likizo ile binti yangu alikuwa Hananasifu kwa baba yake mkubwa, ana umri wa miaka mitano.

Nilimpigia wimbo huo alipokuja Jumapili iliyofuata, bila kumwambia lolote. Aliposikia alishtuka, akaomba urudiwe, akaomba tena. Kisha akatoa simu yake akaniambia nimtumie huo, wote, usikatwe.

Mjukuu analala chumba cha uani. Kabati limehamia sebuleni, karibu na mlango, na wageni wanajigonga nalo. Zimebaki kaseti 6 ambazo hazijaingizwa. Ya 17 ndiyo ngumu, mkanda wake umenata na deki iliumeza mara moja. Kijana ameshauri tusubiri kiangazi, kisha tuihamishie kwenye ganda jingine kwa skrubu. Ni ya Urafiki Jazz, nyimbo tatu, ambazo hazikukatwa kwa rula.